Kitanda Hakizai Haramu: Uzazi wa Malkia Constance wa Sisilia na Swali la Nasaba

Katika methali za Kiswahili iko moja ambayo kila aisikiaye hudhani kwamba ameifahamu papo hapo: Kitanda hakizai haramu. Maana yake ya nje ni nyepesi. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke mwenye mume ni mtoto wa mume yule, na mwenye kutia shaka hana haki ya kusikilizwa. Wanaoijua sheria ya Kiislamu wataona mara moja kwamba methali hii ni ndugu wa hadithi mashuhuri ya Mtume iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo yampa mtoto mwenye firashi. Neno hilo la Kiarabu kwa asili ni tandiko la kulalia, nalo Waswahili wamelifanya kitanda.

Lakini methali hii yajibu swali moja tu, nalo ni swali la baba. Mama haulizwi, kwa kuwa watu wote wamezoea kwamba mama hujulikana: alionekana na mimba, akashikwa na uchungu, akazaa mbele ya mkunga. Wanasheria wa Roma nao walikuwa na kanuni kama hiyo, kwamba mama ni yakini sikuzote na baba ni yule ambaye ndoa yamwonyesha. Basi itakuwaje pale ambapo shaka yaliruka kabisa kosa la baba na kumwangukia mama mwenyewe? Itakuwaje watu wakisema, si kwamba mtoto huyu ni wa mwanamume mwingine, bali kwamba mwanamke huyu hakuzaa hata kidogo?

Shaka ya namna hiyo haizuki ovyo. Huzuka hasa pale mwanamke azaapo katika umri ambao jirani zake wamekwisha kumkatia tamaa, na pale urithi mkubwa unapongoja. Katika makala haya nataka kueleza mfano mmoja wa tarehe ambao waonyesha jambo hili waziwazi, yaani kuzaliwa kwa Frederick II, mfalme wa Sisilia na Kaisari, mwaka 1194, na mama yake akiwa na miaka 40. Baadaye nitaupima mfano huo kwa mizani ya sheria iliyotumika pwani yetu, na kwa habari za nyumba ya kifalme ya Unguja, ili tuone methali yetu yalinda nini na yaacha nini bila ulinzi.

I. Binti aliyezaliwa baada ya baba

Constance alikuwa binti wa Roger II, mfalme wa kwanza wa Sisilia. Jina la Roger si geni kwa wachunguzi wa historia ya Afrika ya Mashariki, ingawa wengi hulipita bila kulitazama. Ni kwa ajili yake kwamba al-Idrisi alitunga kitabu chake kikubwa cha jiografia mjini Palermo, akakimaliza mwezi Januari 1154. Na katika kitabu hicho yamo majina ya Malindi, Mombasa na Sofala. Hivyo barazani pa mfalme yule wa Kinorman, aliyekuwa na makarani wa Kiarabu, wa Kiyunani na wa Kilatini, habari za nchi ya Wazenji zilisomwa kabla ya Constance kuzaliwa.

Roger akafa tarehe 26 Februari 1154. Mjane wake, Beatrice wa Rethel, aliyekuwa mke wake wa tatu, akajifungua binti tarehe 2 Novemba mwaka ule ule. Msomaji na ahesabu mwenyewe: ni siku 249, yaani miezi minane na juma moja tangu kufa kwa mume. Kwa sheria yoyote, iwe ya Roma, ya Kanisa au ya Kiislamu, mtoto huyu yumo ndani ya muda, na hakuna aliyethubutu kumtilia shaka. Lakini yafaa tuikumbuke hesabu hii. Mwanamke ambaye baadaye ulimwengu ulikataa kuamini uzazi wake, nasaba yake mwenyewe iliwekwa juu ya hesabu ya miezi na juu ya heshima ya kitanda cha marehemu.

Katika miaka ya ujana wake Constance hakutajwa sana. Alikuwa na umri wa miaka 31 alipoozwa, umri ambao kwa mabinti wa wafalme wa zama zile ulikuwa mkubwa mno. Baadaye watu waliona ajabu kwamba alikaa bila mume muda wote ule, wakaijaza nafasi hiyo kwa hadithi kwamba alikuwa mtawa, akatolewa katika nyumba ya watawa kwa nguvu ili aolewe. Dante, katika sehemu ya Peponi ya utenzi wake, ameifuata habari hiyo na kumweka miongoni mwa wale waliovunjiwa nadhiri zao. Ushahidi wa wakati wake haupo. Hata hivyo hadithi hiyo ina kazi yake, nayo twaweza kuiona: mtawa si mtu wa kuzaa.

II. Ndoa na kungojea

Tarehe 27 Januari 1186, katika mji wa Milan, Constance aliolewa na Henry, mwana wa Kaisari Frederick Barbarossa. Bwana arusi alikuwa na miaka 20, bibi arusi alimzidi kwa miaka 11. Ndoa hii ilikuwa ni siasa. Mfalme wa Sisilia wakati ule, William II, alikuwa mtoto wa ndugu wa Constance kwa baba, naye hakuwa na mwana. William alipofariki mwezi Novemba 1189, haki ya ufalme ilimwangukia shangazi yake Constance, na kwa njia yake mume wake Mjerumani.

Wakuu wengi wa Sisilia hawakupenda kutawaliwa na Wajerumani. Wakamtawaza Tancred, liwali wa Lecce, mwaka 1190. Tancred alikuwa mjukuu wa Roger II, lakini mama yake hakuwa mke wa ndoa. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Upande mmoja alikuwako mwanamume ambaye baba yake alijulikana, damu yake ilijulikana, naye akaitwa haramu kwa sababu ya mama. Upande wa pili alikuwako mwanamke wa halali aliyekosa mtoto. Ufalme mzima uligombewa baina ya nasaba yenye dosari na tumbo lililosemwa kuwa tupu.

Henry na Constance walivishwa taji la ukaisari mjini Roma mwezi Aprili 1191. Katika vita vya mwaka ule Constance alitekwa huko Salerno, akapelekwa kwa Tancred, wala hakufunguliwa mpaka mwaka 1192. Miaka ikapita bila mtoto. Tancred akafa mwezi Februari 1194, akiacha mrithi mdogo, na njia ikawa wazi kwa Henry. Msafara wa Kaisari ukavuka milima ya Alps kushuka Italia. Hesabu yaonyesha kwamba Constance alikuwa amekwisha kuchukua mimba yeye na mumewe wakiwa bado Ujerumani, karibu na mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, maana tangu hapo mpaka kujifungua kwake ni miezi tisa kamili.

III. Jesi, 26 Desemba 1194

Henry alikwenda mbele na jeshi. Constance alisafiri polepole nyuma, kama impasavyo mja mzito wa miaka 40 kwenye mimba yake ya kwanza, akasimama katika mji mdogo wa Jesi, karibu na Ancona. Tarehe 25 Desemba 1194 Henry alivishwa taji la Sisilia katika kanisa kuu la Palermo. Kesho yake Constance akazaa mtoto mwanamume. Baba alikuwa mbali, safari ya siku nyingi kutoka pale. Baadaye mtoto alibatizwa huko Assisi, akapewa majina ya babu zake wawili, Frederick na Roger.

Habari mashuhuri kuliko zote za uzazi huu ni ile ya hema. Yasimuliwa kwamba malkia, akijua watu watamtilia shaka, aliamuru hema lipigwe katikati ya uwanja wa soko, akawaruhusu wanawake wenye heshima zao waingie kutazama akizaa. Na baada ya siku chache akajitokeza mbele ya watu, akamnyonyesha mtoto wake hadharani. Giovanni Villani wa Florence, aliyeandika katika karne ya 14, ameisimulia habari ya hema, lakini ameuweka uwanja huo Palermo, wala si Jesi. Tena amemfanya Constance kuwa mwanamke wa miaka zaidi ya 50, aliyekuwa mtawa.

Tukirudi kwa walioandika karibu na tukio, twakuta picha nyingine. Peter wa Eboli alitunga utenzi wa Kilatini kumsifu Henry VI mara tu baada ya ushindi wake, na nakala yake imepambwa kwa michoro. Humo kuzaliwa kwa mtoto kwasifiwa kama tunda lililokawia, na mchoro mmoja waonyesha malkia akimkabidhi mwanawe kwa mke wa mtawala wa Spoleto ili alelewe. Hema halimo. Soko halimo. Hapana anayejitetea, kwa kuwa hapana aliyeshtaki bado.

IV. Uvumi una tarehe yake

Waswahili husema, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanahistoria hawezi kuridhika na methali hiyo. Yampasa kuuliza lilisemwa na nani, lini, na kwa faida gani. Tukifanya hivyo katika habari ya Constance, twaona kwamba uvumi ule ulikuwa na tarehe, na kila tarehe ilikuwa na mwenyewe.

Henry alipokuwa hai hakumkana mwana. Kinyume chake, alijitahidi mpaka wakuu wa Ujerumani wakamchagua mtoto huyo kuwa mfalme wao mwishoni mwa 1196, akiwa hajatimiza hata miaka miwili. Henry alifariki mwezi Septemba 1197. Hapo ndipo swali lilipoanza. Roger wa Howden, mwandishi wa tarehe wa Kiingereza, ameeleza kwamba Papa Celestine III alimtaka mjane aape kuwa mtoto ni wa Henry kwa ndoa ya halali, kisha ndipo akubali atawazwe, tena kwa malipo ya fedha nyingi. Constance akaapa. Mtoto akatawazwa Palermo mwezi Mei 1198, na mama akafariki tarehe 27 Novemba mwaka ule, akiwa amemkabidhi mwanawe kwa Papa mpya, Innocent III, awe mlezi wake.

Mara mama alipokufa, Markward wa Anweiler, mkuu wa Kijerumani aliyeitaka mamlaka ya Sisilia, alitoa madai kwamba Frederick si mwana wa Henry wala wa Constance, bali ni mtoto wa kubandikwa. Madai yake yametajwa na mwandishi wa maisha ya Innocent III. Huyu ndiye mtu aliyefaidika zaidi kama mtoto angeondolewa, na wakati alioutumia ulikuwa ni ule ambao mama hayupo kusema neno.

Wimbi la pili lilikuja baada ya Frederick kuwa Kaisari na kugombana na Kanisa. Alitengwa na Papa mwaka 1227, akatengwa tena 1239, na mwaka 1245 baraza la Lyon likatangaza kwamba ameondolewa katika ufalme. Ni katika hali ya ugomvi huo kwamba hadithi ya mchinjaji ilienea. Salimbene wa Parma, mtawa wa Kifransisko aliyeandika tarehe yake baada ya Frederick kufariki, asema ilinenwa kwamba Kaisari alikuwa mwana wa muuza nyama wa Jesi, na kwamba Constance alijifanya mja mzito kwa sababu alikuwa mzee. Wengine walimtaja baba wa kazi nyingine. Kazi hizo zote zilikuwa za kumshusha Kaisari mbele ya watu, si za kueleza namna mtoto alivyopatikana.

Jambo la kutazamwa hasa ni umri wa mama. Katika mwaka 1194 alikuwa na miaka 40. Katika vinywa vya watu wa karne iliyofuata akawa mzee. Kwa Villani amepita 50. Kila kizazi kilimwongezea miaka, kwa maana miaka ndiyo iliyokuwa hoja yenyewe. Mwanamke wa miaka 40 kuzaa si muujiza. Hata wakunga wetu wa pwani, wasiosoma kitabu, waliwajua akina mama wengi waliopata kitinda mimba katika umri huo. Kilichokuwa kigeni ni kwamba kwa Constance kifungua mimba na kitinda mimba walikuwa mtu mmoja. Wenye uvumi walijua kwamba 40 haitoshi, ndiyo maana wakaifanya 50.

Wala watetezi wake hawakuwa mbali sana na washtaki. Hadithi ya hema imesimuliwa ili kumtakasa, lakini imekubali kwanza kwamba neno la mwanamke halitoshi, wala neno la wanawake waliomhudumia chumbani halitoshi, mpaka soko zima lishuhudie. Aliyeitunga alidhani amemtetea malkia. Kumbe amempeleka uwanjani.

Frederick mwenyewe alichagua jibu la namna nyingine. Mwaka 1239, wakati ugomvi wake na Papa ulipokuwa umepamba moto, aliwaandikia watu wa Jesi barua ya kuutukuza mji wao kama Bethlehemu yake, kwa kuwa ndipo mama yake alipomzaa. Hakuleta mashahidi, alipageuza mahali pa shaka kuwa mahali patakatifu.

V. Mizani ya sheria

Sasa na tuipeleke kesi hii mbele ya kadhi wa pwani, kama kwamba imetokea Lamu au Unguja, ili tuone ingehukumiwaje. Sheria ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa pwani, ina milango mitatu katika jambo hili.

Mlango wa kwanza ni muda. Mimba fupi kabisa ni miezi sita, iliyopatikana kwa kulinganisha aya mbili za Kurani: moja yahesabu miezi 30 ya mimba na kunyonyesha pamoja, na ya pili yaweka miaka miwili ya kunyonyesha. Mimba ndefu kabisa kwa Shafii ni miaka minne, na kwa Hanafi ni miwili. Waganga wa leo hawawezi kuikubali miaka minne, lakini hatuna budi kuelewa kusudi lake. Wanasheria wale walipanua muda ili mjane au mwanamke aliyeachwa asitupiwe neno la zinaa, na mtoto asikose baba. Kosa lao katika elimu ya mwili lilielekea upande wa rehema.

Mlango wa pili ni kitanda na ikirari. Hadithi niliyoitaja ilitokana na shauri la kweli, mwaka uliofunguliwa Makka. Saad bin Abi Waqqas alidai kwamba mtoto wa mjakazi wa Zama ni wa ndugu yake Utba, ambaye alimwusia hivyo kabla ya kufa. Na Abd bin Zama akadai kwamba ni ndugu yake, aliyezaliwa katika kitanda cha baba yake. Mtume aliona kwamba mtoto amefanana na Utba, walakini alimhukumia mwenye kitanda. Mara moja akamwamuru mkewe Sauda, binti Zama, ajisitiri mbele ya kijana yule. Hukumu hiyo ina pande mbili. Sheria yampa mtoto jina na urithi, lakini hailazimishi macho yasione yaliyoyaona. Mume peke yake ndiye awezaye kumkana mtoto, kwa kiapo cha laana, tena bila kukawia. Henry hakukana, bali alikiri mbele ya wakuu wote wa Ujerumani. Basi Markward asingepokelewa hata mlangoni.

Mlango wa tatu ndio utufaao zaidi, nao ni ushahidi wa kuzaa. Kwa Shafii, mambo ambayo wanaume hawayatazami kwa desturi, na kuzaa ni mojawapo, huthibitishwa na wanawake wanne peke yao, bila mwanamume. Hanafi humkubali hata mkunga mmoja. Hapa sheria yenyewe imeuheshimu ukuta wa chumba. Shahidi ni yule aliyestahili kuwamo. Mkunga, ambaye katika mambo mengine ya mahakama neno lake huhesabiwa nusu, katika jambo hili ndiye mwenye neno. Constance angeleta wanawake wake wanne, na hema lisingehitajiwa.

Tofauti hii si ndogo. Huko Uingereza, mwaka 1688, Mary wa Modena, mke wa James II, alimzaa mwana tarehe 10 Juni. Alikuwa na miaka 29 tu, lakini watoto wake wa kwanza wote walikuwa wamekufa, na wapinzani wa mfalme Mkatoliki hawakumtaka mrithi. Ikavumishwa kwamba mtoto mgeni aliingizwa kitandani ndani ya chombo cha kupashia shuka moto. Chumba kilikuwa kimejaa watu, na mwezi Oktoba mfalme aliwakusanya mashahidi zaidi ya 40, wakaeleza waliyoyaona. Haikufaa kitu; kabla ya mwaka kwisha James alikuwa amekimbia nchi. Baada ya hayo ikawa desturi waziri wa serikali kuhudhuria mtoto wa kifalme azaliwapo, na desturi hiyo haikukomeshwa mpaka 1948. Mashahidi 40 walishindwa kuthibitisha jambo ambalo wanawake wanne wangelithibitisha, kwa sababu waliouliza hawakuwa wakitafuta jibu.

VI. Nyumba ya Unguja

Tukitoka Sisilia tukaja Unguja ya karne ya 19, twaona jambo la Tancred limepinduliwa. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini mwaka 1856, hakupata mtoto kwa mke wake mkubwa Azza binti Seif. Watoto wake waliomrithi walizaliwa na masuria. Binti yake Salme, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba waliokuwa hai baba yao alipofariki walikuwa 36, wanaume 18 na wanawake 18. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi.

Majid alitawala Unguja, Thuwaini akatawala Oman, na Barghash akamfuata Majid mwaka 1870. Waligombana sana kwa ajili ya urithi, hata Waingereza wakaingia kati kwa uamuzi wa mwaka 1861. Lakini katika ugomvi wote ule hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba hastahili kwa kuwa mama yake hakuwa mke wa ndoa. Baba amekiri, yatosha. Katika sheria suria aliyemzalia bwana wake huwa mama wa mwana: hauzwi tena, huwa huru bwana wake afapo, na mtoto wake huzaliwa muungwana. Tancred angezaliwa Unguja, asingeitwa haramu.

Walakini tusiisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Usalama wa mtoto ulijengwa juu ya utumwa wa mama. Aliyeletwa kutoka Cherkesi au Habeshi hakuulizwa kama ataka kitanda hicho, na kuzaa kwake kulikuwa ndiyo njia yake ya kuupata uhuru; aliyekosa kuzaa aliikosa njia hiyo. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja iliwaacha masuria nje, na hawakuingizwa mpaka 1909. Hivyo katika nyumba zote mbili tulizozitazama, hatima ya mwanamke ilipimwa kwa tumbo lake. Huko Sisilia alitiliwa shaka kwa kuzaa akichelewa. Hapa alibaki mtumwa kwa kutozaa.

VII. Maneno na maana yake

Lugha yetu imehifadhi mambo haya kwa uangalifu. Kifungua mimba na kitinda mimba ni majina ya watoto, lakini kwa hakika yaeleza habari za mama: mmoja amefungua, mwingine ametinda, yaani amekata, kama kitenzi hicho kitumikavyo hata leo katika lahaja za kaskazini. Neno tasa latumika kwa mnyama na kwa binadamu bila tofauti. Sioni jina la namna hiyo lililokusudiwa mwanamume peke yake, ingawa kukosa mtoto huwa kwa mmoja wa wawili. Mwanaharamu ni neno lililoanza kama hukumu ya nasaba, likaishia kuwa tusi kwa mtu yeyote mwenye hila, hata kama baba yake ni kadhi.

Yatazamwe basi maneno ya methali yetu. Haisemi kwamba mtoto si haramu. Yasema kitanda hakizai haramu. Mwenye kuzaa katika sentensi hii ni kitanda. Mama hatajwi, wala baba, wala tendo. Kwa kukitaja kitanda badala ya watu, methali imelifunga jambo lisichunguzwe. Hii ndiyo busara yake, na hapo ndipo ulipo upungufu wake pia. Mtoto amesitiriwa, mama amefichwa.

Sheria za nchi zetu siku hizi zimeanza kuongea kwa uwazi zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imeipa mahakama njia ya kuthibitisha nani mzazi kwa vipimo vya damu. Hata hivyo elimu hiyo hiyo imelifungua tena swali la Jesi. Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Uingereza mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo, mwanamke aweza kuzaa mtoto wa yai la mwanamke mwingine, na wengi wafanyao hivyo ni wale waliochelewa kuzaa. Kanuni ya kale kwamba mama ni yakini sikuzote haina tena nguvu iliyokuwa nayo. Makadhi na mahakimu wataulizwa tena nani mama: mwenye yai, au mwenye uchungu?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wazee. Kwa Constance uchungu ule ulifuatwa na kiapo mbele ya Papa, na kisha na hadithi zilizoendelea kumzeesha kaburini. Historia imemthibitishia mwana wake kwa ushahidi wa kutosha: muda umetimia, mume amekiri, wakuu wamechagua, na washtaki wote wametokea baada ya mume kufa, kila mmoja akiwa na haja yake. Sisi tulio na methali kuhusu kitanda bado hatujapata methali ya kumtosheleza yeye.